Baba, Tulitafuta Kwenye R

Mpendwa Baba,

Kile kijiji ulichokuwa ukikitafuta nimekipata. Naona haya kukuambia, lakini nimekipata.

Unakumbuka ulipokuja kunitembelea hapa Arlington, mwaka ule kabla hujaugua? Wazee wenzako wakija Amerika hutaka kuona maduka. Wewe ulitaka maktaba. Ulikuwa unaandika historia ya kanisa letu la Rambari, ukakwama sura ya kwanza kabisa: yule Mzungu fundi wa mawe aliyelijenga pamoja na babu alilipatia jina la kijiji chao cha Uingereza, kijiji cha kale mno. Ukataka kujua kilianzaje.

Kila nikitoka kazini hospitalini nilikukuta umeshavaa koti, na joto lote lile la Texas! Tulipekua vitabu vya ramani, tukaandika jina kwenye kompyuta. Rambari, Rambary, Ramberry. Wapi! Siku ya nne nikachoka, nikakuambia, "Baba, huyo mtu aliwadanganya. Hakuna mahali kama hapo."

Hukugomba. Uliniita Mama kama kawaida, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Mama, yule hakuwa mwongo." Lakini daftari hukulifungua tena. Ukarudi nyumbani, ukafariki ukiwa hujajua. Hilo limeniuma miaka yote hii.

Juzi mjukuu wako kanicheka nikimwita rafiki yake. "Mum, ni Lola, si Rora!" Nikasimama pale jikoni na mwiko mkononi. Ai, Baba, sisi Wakikuyu na L yetu inayogeuka R! Tunachekwa kila siku kwa hilo, na wala hatukulifikiria. Kijiji kinaitwa Lambury. Kipo.

Nikawaandikia kanisani kwao, karani akajibu vizuri sana. Kilianza na kinu cha maji tu, kisha watawa wakajenga kanisa la mawe, miaka mia nane iliyopita. Mwishoni naye akaniuliza swali. Kwenye kitabu chao cha ubatizo kuna kijana fundi wa mawe aliyekwenda Afrika, na hawakupata habari zake tena. Wangependa kujua alizikwa wapi.

Wewe ulijua. Uliniambia, Baba, siku tuliyokwenda Sugar Land kwa shangazi. Ulinieleza mpaka njia ya kufika kaburini, na mimi kwenye usukani nilikuwa natafuta exit, pa kutokea barabara kuu, nikawa naitikia tu bila kusikiliza, "Eeh, Baba. Eeh."

Barua yao iko hapa mezani, na sina la kuwajibu. Nisamehe.

Bintiyo