Wimbo wa Daudi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Tunduma hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike, na mahindi yetu ya shamba la Mbebe yameanza kukomaa.

Nimekisoma kitabu kipya cha chuoni kwenu kuhusu historia ya muziki ulichonitumia. Unauliza kama huku kwetu nako walikuwepo wanaume waliowaimbia wanaume wenzao mapenzi. Alikuwepo Ambele. Tuliimba naye bendi moja miaka ya tisini, mimi nikiwa mwitikiaji. Wimbo wake mtamu kuliko zote alimtungia Daudi, dereva wa malori.

Fundi wa kurekodi alipokuja kutoka Mbeya, alimwambia, "Weka jina la mwanamke, kaka, kaseti itauzika."

Ambele akajibu, "Nikimwita Rehema, Daudi atajuaje kuwa ni yeye?"

Fundi akarekodi nyimbo zetu nyingine, huo akauacha. Wiki hiyohiyo Ambele alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hatukumwona tena.

Sasa nauimba kwa kufumba mdomo, maana maneno yamenitoka, na wenzangu wa bendi wote wamekwisha kufa. Inaniuma sana. Mkiandika kitabu kingine, mama, msiandike kwamba Tunduma hapakuwa na mtu.

Bibi yako,
Tusekile