Daraja Alilopigilia Baba

Mama yangu huko Aru,

Pokea salamu pamoja na baridi ya mvua ya huku Arua, ng'ambo ya mpaka. Jana nilikwenda Koboko, na njiani nikakuta fundi mkuu akilipima lile daraja la chuma ambalo marehemu Baba alilipigilia ribiti, ile misumari minene ya kuungia vyuma. Wakubwa wake wanataka kuling'oa, wajenge la saruji. Nilipomwambia mimi ni binti wa nani, alipapasa vyuma vilivyoungwa pembetatu.

"Hii daraja iko na nguvu bado," akasema. "Kila chuma inashika mwenzake. Baba yako alijua kazi."

Leo amenitafuta sokoni kunieleza kwamba ameandika katika ripoti yake daraja la Baba lisiguswe, jipya lijengwe kando. Sijui kama wakubwa watamsikiliza. Njoo mapema, Mama, likiwa bado limesimama, tulivuke kwa miguu, mimi na wewe.

Mwanao akupendaye,
Zubeda