Sabuni ya Baba Imevua Kambare

Amerika, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Mulembe! Goti linasemaje tangu baridi ya Kitale ianze? Na mahindi, yameshatoa ndevu? Mimi mwili uko sawa, ila mgongo unalalamika; kuinua wazee wa watu kitandani kutwa si mchezo. Lakini leo sikuandikii malalamiko. Leo nataka uketi kwanza.

Mama, nimevua kambare! Ukimsimamisha ananifika kiunoni. Picha nimeiweka humu ndani.

Nyuma ya makao ya wazee ninakofanya kazi kuna ziwa, na Earl, dereva wetu, huvua hapo kila akitoka kazini. Jana alinipa mwanzi wake wa pili, ule wenye kigurudumu cha kukunjia uzi. Akanipa na maini ya kuku yawe chambo. Nikakataa. Nikatoa mfukoni kipande cha sabuni.

"Nafula, samaki wa hapa hawaogi," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Acha acheke. Mimi nilikuwa na kesi yangu. Nisamehe Mama, najua mtoto hafai kuingilia mambo ya wazazi, lakini si wewe umefungia sabuni kwenye sanduku miaka yote hii? Si unamkatia Baba kipande cha kuogea, kidogo kama cha mgeni wa hoteli? Kisa, alikuwa akitoka na nusu mche kwenda kuvua kwenye bwawa la Saboti, halafu anarudi mikono mitupu. Ati kambare amekula sabuni, amekata uzi, ameenda. Nawe ukasema kambare huyo anavaa leso na ana nyumba ya mabati huko huko Saboti.

Basi nikatupa ndoana. Hata chai haingechemka, uzi ukashtuka. Nikafanya vile Baba alifanya siku zote: nikavuta kwa nguvu zangu zote, nimrushe samaki nyuma ya kichwa. Pa! Uzi ukakatika. Mama, nilisimama pale mdomo wazi. Ilikuwa vile vile alivyokuwa akieleza, neno kwa neno!

Earl hakucheka tena. Akafunga ndoana nyingine, akaniambia, "Akivuta, mwachie. Kigurudumu kitatoa uzi chenyewe. Akichoka, kunja." Nikaweka sabuni tena. Alipokuja wa pili nikamwachia, nikakunja, nikamwachia, mpaka nikamfikisha ukingoni. Sabuni bado ilikuwa kwenye ndoana. Nilipiga vigelegele peke yangu, wazungu wakatoka kwenye magari yao kuangalia. Nilijivunia, Mama, lakini zaidi nilijivunia Baba. Hakukosa ujuzi bana. Alikosa kigurudumu tu.

Sasa Earl naye anajikatia sabuni. Anaiita chambo cha mzee wa Kitale.

Nisalimie kaka Wafula na watoto wake. Nisalimie pia Mama Mdogo wa Bungoma, yule aliyekuletea uvumi wa mwanamke wa Saboti. Msomee barua hii kwa sauti, polepole. Kigurudumu cha Baba nimeshanunua, kinakuja na rafiki yangu anayerudi nyumbani.

Na wewe Mama, fungua sanduku. Mpe Baba mche mzima, usimkatie. Halafu uende naye mpaka bwawani.

Ni mimi binti yenu, bado nanuka samaki,

Nafula