Udongo wa Nyuma ya Jikoni

KAMATI YA WAKULIMA WA CHAI, KAPSOIT
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 20 Machi 1999, banda la kupimia chai, saa nne asubuhi.

Waliohudhuria: Bw. Kipkurui (Mwenyekiti), Bw. Kiplimo, Bi. Dorcus, Mwl. Gekara (Katibu).
Mwalikwa: Bi. Cherotich, mtafiti.
Hakuwepo: Bw. Phelix, bila udhuru.

KUMB. NA. 1/99: KUFUNGUA
Bi. Dorcus aliomba. Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitishwa na Katibu, ambaye afya yake haimruhusu kungoja kile cha Aprili.

KUMB. NA. 2/99: MTAMBO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mlingoti wa Bi. Cherotich ulinasa mawimbi ya redio ambayo setilaiti hutuma kuongoza meli na ndege. Yakigonga udongo wenye maji hurudi na nguvu zaidi kuliko yakigonga udongo mkavu. Mwaka jana mtambo ulisema mteremko umekauka. Mikebe ya udongo aliochimba Katibu ili kuuhakiki mtambo ikasema umelowa. Kamati iliamini mikebe. Mlingoti uling'olewa, na chuo kikamwondoa Bi. Cherotich kwenye utafiti. Bw. Kiplimo alitaka iandikwe kwamba alisema mapema redio ni ya kusikiliza matangazo ya vifo.

KUMB. NA. 3/99: MANENO YA KATIBU
Katibu alikiri kwamba mtambo ulisema kweli. Mwaka 1997 alishuka mteremko kila Jumatatu na mkewe, Nyamoita. Yeye na jembe, mkewe na mikebe na chupa ya chai. Walipumzika kwenye jiwe katikati ya majani chai. Nyamoita alifinya udongo kiganjani, akatangaza kama una maji kabla haujapimwa, na hakukosea. Alifariki Mei 1998. Tangu hapo Katibu hakuweza kulifikia jiwe lile. Alichimba nyuma ya jikoni, panapomwagwa maji ya vyombo, akaandika "mteremkoni".

Bw. Kiplimo aliuliza: "Kwa hivyo tuling'oa mlingoti kwa sababu ya maji ya sufuria?" Alionywa na Mwenyekiti.

Bi. Cherotich alisema: "Mwalimu, si ungeniambia tu? Ningebeba mikebe mwenyewe."

Katibu alijibu kwamba hilo ndilo aliloogopa, mtu mwingine kuibeba.

KUMB. NA. 4/99: MAAMUZI
Chuo kiandikiwe barua ya kumsafisha Bi. Cherotich, pamoja na nakala ya KUMB. NA. 3. Mwenyekiti alipendekeza maneno yapunguzwe ukali, Katibu alikataa. Bw. Kiplimo atachimba shimo la kusimika tena mlingoti.

Katibu alimkabidhi Bi. Cherotich mikebe. Bi. Cherotich aliuliza jiwe liko wapi. Wajumbe walitoka bandani wakashuka polepole, Bw. Kiplimo akimshika Katibu mkono.

Kikao kilimalizikia kwenye jiwe, saa saba kasoro robo. Katibu alifinya udongo kiganjani. Ulikuwa mkavu.

Mwenyekiti: P. Kipkurui
Katibu: J. Gekara