Mafuta ya Kiwele Ndani ya Kompyuta ya Mama Hildegarda

Shangazi Bibiana, shikamoo. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mikumi, cheti nilichukua Morogoro kwa miezi mitatu, na nakuandikia kwa sababu siku hizi hata chakula hakipiti. Mwezi uliopita Mama Hildegarda, mwenye duka la kuchapa barua kule Kilosa, aliniita nifungue kompyuta yake ya mtumba iliyokuwa inapata joto, nikakuta ile pesti nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni yake ya kupozea imekauka kama ukoko, na mimi pesti sina, inauzwa Morogoro, na mama amesimama nyuma yangu anaangalia, nikaona aibu kusema sina. Sasa Shangazi, sisi kwetu Rudewa ni wafugaji, na kwenye mkoba nilikuwa na kopo la mafuta ya kupaka kiwele cha ng'ombe nililokuwa nampelekea mama yangu, na kiwele kikivimba kikawa cha moto mafuta yale hukipoza vizuri tu, nikajisemea joto ni joto, nikapaka, tena nikapaka kwa wingi kwa sababu kwetu mnyama mgonjwa hapakwi dawa kwa uchoyo, nikarudisha feni, mashine ikawaka, nikasifiwa, nikanywa soda.

Wiki haikuisha, mashine ikaanza kujizima kila baada ya robo saa. Nikaitwa tena, na badala ya kusema ukweli nikasema huenda mtumiaji anaichosha kwa michezo ya karata. Mtumiaji ni Rebeka, mchapaji, na karata hachezi, hata hajui ziko wapi humo ndani. Mama amempa mpaka mwisho wa mwezi, anadai Rebeka ndiye anayemuulia mashine. Juzi nilipopita nilimkuta Rebeka anachapa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaipepea kompyuta kwa faili, akaniuliza, "Fundi, nikiipepea hivi inasaidia?" nikajibu inasaidia kidogo. Shangazi, roho inaniuma sana. Nafikiria nisubiri Rebeka aondoke, halafu niende nikafute mafuta kimya kimya, mashine ipone, yaishe. Nielekeze namna ya kumliwaza. Ila tafadhali ficha jina langu, kwa sababu gazetini Mama Hildegarda hasomi kitu kingine isipokuwa safu yako.

Fundi mwenye majuto, Mikumi

Marahaba, fundi. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwenye hilo "kidogo".

Kukosa pesti si dhambi. Ungesema, "Mama, pesti sina, nipe siku mbili," angeguna, akangoja. Umeogopa mguno mmoja, sasa unamtoa binti wa watu kazini. Na huo mpango wako umeufikiria kweli? Rebeka akiondoka mwisho wa mwezi na mashine ikapona tarehe mosi, Kilosa nzima itasema kumbe alikuwa yeye, na hakuna duka litakalompa kiti tena. Kumliwaza waachie wengine.

Nimemuuliza fundi wa hapa ofisini. Alicheka kwanza, kisha akanieleza. Agiza pesti Morogoro leo. Ikifika, futa mafuta yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, juu ya prosesa na chini ya feni, mpaka chuma king'ae. Weka pesti katikati, kiasi cha punje ya mchele. Nimesema punje moja, maana kompyuta si ndama. Kazi yake ni kuziba vinafasi ambavyo jicho halivioni, na ukiijaza inazuia joto kutoka. Shusha feni wima, ubane pande zote sawasawa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza nenda Kilosa ukasimame mbele ya Mama Hildegarda, Rebeka akiwepo, useme ulichopaka na uliyemsingizia. Kisha mwambie Rebeka aache kupepea, apumzishe mkono.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Rebeka uliliandika mara nne, na la mwenye duka pia ukaliacha wazi, wala hukuomba niyafiche. Magazeti hushushwa Mikumi asubuhi na mabasi ya Iringa, Kilosa yanafika alasiri. Gari la Kilosa linaondoka saa tano. Ukilipanda, mama atasikia kwako. Ukilikosa, atasoma kwangu.