Nta ya Sakafu kwenye Gari la Harusi

Upplands Väsby, Uswidi,
Jumapili jioni

Kwa Dada Kasiani mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini goti lako limepoa na Mama amerudi kula vizuri. Sisi hatujambo, na leo nasema hatujambo ya kweli, maana siku hizi zote nilikuwa naitikia tu.

Unajua harusi ya mwanangu Natalie na yule Mrundi wake, Roméo, imekaribia. Unajua pia alikuwa hajasema nani atamwingiza kanisani: Ngugi aliyemzaa, anayempigia simu kila Krismasi, au Mugambi wangu aliyemlea tangu darasa la kwanza. Mimi niliogopa kuuliza. Mugambi naye hakuuliza, alihamishia akili yake kwenye gari.

Gari letu jekundu lilikuwa limepauka hadi likawa la waridi, paa na boneti kama vimepakwa chaki. Mugambi akasema atalirudisha mwenyewe hapa nyumbani, ndilo litakalompeleka bibi harusi. Akalisugua wee, halitaki. Mwishowe, bila kuniambia, akachukua lile kopo la nta nyekundu ya sakafu ulilonitumia nipake ngazi ya mlangoni, akalipaka gari zima. Dada, liling'aa! Hata jirani yetu Josefin, ambaye sifa zake huishia kwenye kutikisa kichwa, alisema limependeza. Wewe na mimi tuliosugua sakafu ya Mama kwa magoti tunajua nta ile hushika kila kinachoigusa. Lakini kwao Meru sakafu ilikuwa kazi ya dada zake.

Jana Natalie akaja kuliona, amevaa koti jeupe jipya. Akaegemea mlango apigwe picha. Alipogeuka, mgongo mzima ulikuwa mwekundu.

Mugambi akanywea pale pale. Akasema heri wakodi teksi, kumbe hata udereva haumfai. Nilipomuuliza udereva gani, ndipo akatoboa. Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba msichana hukabidhiwa na mwenye damu, yeye alikuwa jikoni, na simu ilikuwa kwenye spika. Alisikia yote. Ndiyo maana akajipa kazi ya dereva, angalau amfikishe mlangoni mwa kanisa.

Sikuandikii kukulaumu, Dada. Ulisema tunavyosema nyumbani, na mimi sikukupinga.

Natalie, ambaye miaka yote humwita kwa jina kama watoto wa huku wanavyofanya, alilivua koti akalitazama. Kisha akasema kwa Kiswidi, "Pappa, sasa nani ataingia nami kama si wewe?"

Kumbe alikuwa anangojea Mugambi aseme, akidhani hataki kumvunjia Ngugi heshima. Mugambi alichukua kitambaa akaanza kuifuta ile nta, akifuta mahali pamoja tu, mpaka Natalie akamshika mkono. Mimi nililia, sioni haya kukuambia.

Leo wote wawili wamelipeleka gari kituo cha kuoshea, maana huku kuosha gari uani ni makosa, kisha wakashinda hapa nje na dawa ya kusugulia rangi. Wekundu wenyewe umeanza kutokea kwenye boneti, paa bado. Niliwapelekea githeri wakala wamesimama. Natalie amempigia Ngugi mwenyewe, naye atakuja kama mgeni wetu.

Nisalimie Mama na wote wa hapo. Na ukipata nafasi, mpigie Mugambi, si mimi. Usimweleze lolote, muulize tu gari linaendeleaje.

Mdogo wako akupendaye,
Mueni