Majira ya Baridi ya Mwalimu Almira

Jumanne, 1 Desemba 1868

Kamati ya shule imekubali. Mwanamke atafundisha majira ya baridi! Haijawahi kutokea hapa Kilburn. Kiangazi, sawa — darasani wanabaki wadogo tu, wakubwa wako mashambani. Lakini theluji ikishaanguka wanarudi madawatini vijana wenye ndevu. Mwaka jana walimbeba mwalimu Pelton juujuu wakamtupa nje. Mwanamume mzima! Aliondoka na gari la posta siku hiyohiyo.

Kaka yangu Jotham ni mjumbe wa kamati. Alipinga. Karudi amenuna: huyo binti hatamaliza wiki mbili. Nikamwuliza, sasa mbona mmemchukua? Eti hakuna mwanamume aliyeomba.

Jumatatu, 7 Desemba

Nimemwona. Almira Stoddard, miaka ishirini na miwili, sanduku lake la vitabu linakaribia kumzidi uzito. Dirisha langu la jikoni linatazamana na shule, kwa hiyo sihitaji kusimuliwa. Ransom Tuttle — ndiye aliyemshika Pelton miguu — alijaza mlango mzima, akamwinamia.

"Karibu, mtoto. Mama yako kakuacha peke yako?"

Kicheko. Yeye akaweka sanduku chini.

"Mama yuko nyumbani, anawaombea nyinyi. Nipishe nikawashe moto."

Akampisha! Kwa mshangao, nadhani. Lakini alimpisha.

Jumatano, 9 Desemba

Mwalimu hulala kwa zamu nyumba hadi nyumba, na wiki hii yuko kwetu. Chakula cha jioni kilikuwa vita. Alisema hawezi kupanga madarasa, maana kila mtoto amekuja na kitabu chake kutoka darini kwao.

Jotham: "Mimi nimesomea kitabu cha babu yangu. Nimepungukiwa nini?"

"Hujapungukiwa, Bwana Thrall. Ila nimekiona kile kitabu. Ramani yake inasema huku kwetu wanaishi dubu tu."

Jotham akainamisha uso kwenye bakuli la maharage. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi namjua — alikuwa anacheka!

Alhamisi, 17 Desemba

Siku gani hii! Asubuhi niliona moshi unatoka madirishani mwa shule badala ya kwenye dohani. Nikatupa mwiko, nikakimbia na mablanketi. Wamefunika dohani kwa ubao, mashetani wale. Pelton walimfanyia hivyohivyo kabla ya kumbeba.

Almira akawatoa watoto wote, wadogo mbele. Macho mekundu, anakohoa. Vijana wakubwa wamejipanga ukutani, wanangoja alie. Jua lilikuwa limetoka, theluji inang'aa. Akatazama juu, akatazama chini. Akaomba fagio.

Akalisimamisha kwenye theluji. "Fagio lina kivuli. Dohani nayo ina kivuli. Nani atanionyesha jinsi ya kujua urefu wa dohani bila kuipanda?"

Somo! Nje, kwenye baridi ile, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu jana. Wadogo wakaanza kupima vivuli kwa kamba. Kisha ikaonekana ngazi nyuma ya banda la kuni — ngazi yetu, ambayo Jotham alikuwa akiitafuta tangu alfajiri huku akinilaumu mimi.

"Je, ngazi hii itafika?" akauliza Almira.

"Inafika," akasema Ransom.

Watoto wakaangua kicheko, mpaka mimi. Ransom akawa mwekundu shingo nzima.

Almira hakucheka. Hakuuliza umejuaje. "Vizuri. Tuthibitishe kwa hesabu." Wakathibitisha. "Sasa nani ataniondolea ule ubao?"

Alipanda Ransom mwenyewe. Hakuna aliyemtuma.

Jumapili, 10 Januari 1869

Sasa Almira analala kwa akina Tuttle. Baada ya ibada alininong'oneza, nisimwambie mtu: Ransom hajui kusoma. Karibu miaka ishirini na moja! Kila mwalimu alifukuzwa kabla zamu yake ya kusoma haijafika. Mama yake hajui. Sasa wanasoma wawili kila asubuhi, kabla wengine hawajafika, na hakuna anayekejeli.

Na mimi nilimwita shetani.

Jumamosi, 30 Januari

Vijana wameranda mbao wakazipaka masizi, ukuta mzima wa shule sasa ni ubao wa kuandikia! Darasa zima linaona neno moja kwa wakati mmoja. Nilisimama pale kama mjinga, nikiusifia ukuta mweusi.

Ijumaa, 19 Februari

Mtihani wa hadhara. Mji wote ulijazana. Vitoto vilitaja mito, milima, majira ya nchi nisizozijua. Halafu Ransom akasimama na kitabu chake. Mama yake alikuwa kando yangu.

Jotham akainua mkono. "Hicho umekikariri. Soma hiki." Akatoa gazeti mfukoni. La leo!

Nilitamani kumfinya. Almira hakusogea.

Ransom akaanza. Polepole, kidole chini ya mstari. Habari za kiwanda cha pamba sijui wapi. Akakwama neno moja. Akarudi nyuma, akalikata vipande, akalipata. Akaendelea mpaka mwisho wa safu. Mama Tuttle alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

Jotham akalikunja gazeti.

Jumatatu, 1 Machi

Kesho ni mkutano wa mji. Watapiga kura: vijishule vyote vya vitongoji viunganishwe kuwa shule moja kubwa, madarasa kwa kiwango, vitabu vya aina moja, mwaka mzima, Almira awe mkuu. Wengi wanasema ni kiburi. Mzee Hoskins, anayewaongoza, anamtegemea Jotham azungumze kupinga. Watu humsikiliza Jotham.

Nilimwuliza atasema nini. Akaomba chumvi.

Jumanne, 2 Machi

Saa sita mchana. Jotham kaja kula. Anasema kura ya mikono haikueleweka, wamehesabu mara mbili wakagombana. Baada ya chakula kila mtu atasimama upande wake wa ukumbi, wazi, aonekane. Ransom keshatimiza miaka ishirini na moja, umri wa kupiga kura. Yuko mlangoni tangu asubuhi, upande wa wanaoitaka shule moja. Jotham bado hajazungumza.

Mchuzi umempoa. Kijiko anakizungusha tu. Kisha, bila kuniangalia:

"Keziah. Ungekuwa wewe, ungesimama wapi?"

Miaka ishirini naishi na kaka yangu. Hajawahi kuniuliza kitu kinachohusu mji. Mimi!

Akasimama, akachukua kofia. "Nafunga farasi. Vaa koti, utaniambia njiani. Nyuma ya ukumbi kuna viti vya wanawake; kura hampigi, lakini kusikiliza mnaruhusiwa."

Nimevaa. Njia ni fupi mno, sijui nianzie wapi — kwenye fagio, au kwa mama Tuttle, au —

Anaita.